Mpira Usiopanda

Mchezaji wa mpira wa meza anayefanya mazoezi kwenye ukumbi wa Gungu, jirani na Ujiji, hupangusa kiganja mezani kabla ya kila pointi, kisha huupuliza mpira, ingawa hauna vumbi. Keshokutwa anajaribiwa na klabu ya Kigali inayolipa mshahara. Huko, anayeanzisha asipourusha mpira juu, mwamuzi humnyang'anya pointi. Yeye huurusha kidogo tu, karibu na kiganja, kama wengi waliojifunzia Ujiji, maana upepo wa ziwa huingia ukumbini na kuuchukua mpira uliopanda.

"Dada, umerudia tena," alisema Verediana, mwenzake wa mazoezi.

"Si huu upepo! Hebu funga madirisha."

Verediana akafunga yote. Joto likajaa, hewa ikasimama kabisa. Mchezaji akapangusa kiganja, akapuliza mpira, akaurusha. Haukupanda.

"Mama wee! Sasa utamsingizia nani?" Verediana akacheka.

Mchezaji alikitazama kiganja chake cha kushoto, akakikunja, akakikunjua, kisha akaomba mpira mwingine kwa sauti ndogo, kama mgonjwa anayemwomba daktari aseme upesi.