Filamu ya Madalali Ilipofika Otonglo

Joram Opiyo hakuwa mtu mbaya. Niseme hivyo kwanza, maana kule Otonglo wapo wanaolitaja jina lake huku wakitema mate, na mimi sikubaliani nao. Alikuwa mtafsiri wa sinema. Kwa miaka kumi alisimama kando ya televisheni katika banda la video la Abeid, kipaza sauti mkononi, akikigeuza Kiingereza cha Wamarekani kiwe Kiswahili, na pale Kiswahili kilipompungukia akaongeza Kijaluo. Watu walimwita Mwalimu, ingawa shule aliiacha darasa la saba.

Banda lilikuwa na sheria moja, nayo haikuandikwa popote: stelingi hafi. Stelingi ndiye shujaa wa picha, yule ambaye mtafsiri huwaonyesha watu mapema, "Huyu ndiye wetu!" Akishaonyeshwa hafi, hafungwi, hashindwi. Kanda ikithubutu kumuua, mtafsiri atasema amezimia tu, ataamka sehemu ya pili. Ukiwaulia watu stelingi wao, wanapindua mabenchi na kudai kiingilio.

Mwaka wa 1994 Abeid akaleta kanda mpya kutoka Nairobi, ndiyo kwanza imetolewa kwa watazamaji wa nyumbani. Haikuwa na ngumi wala bunduki. Wanaume wenye tai walipiga simu na kupigiana kelele saa mbili nzima. Joram aliitazama peke yake asubuhi. Mengi yalimpita, lakini kiini alikipata: wale walikuwa madalali wa hisa, na mkubwa wao, kijana mtanashati, aliwauzia wajane na wazee hisa za kampuni ambazo hazikuwepo. Mwishoni polisi walimtoa nje, mikono imefunikwa koti. Chini ya koti zilikuwa pingu, na hizo hazihitaji Kiingereza.

"Hii itatuulia biashara," alimwambia Abeid.

"Wallahi nimeshailipia. Tia chumvi, Mwalimu. Si ndiyo kazi yako?"

Akatia chumvi. Akamtangaza yule dalali kuwa stelingi. Kila simu iliyopigwa aliifasiri kuwa neema: mama fulani ametoa kidogo, sasa anajenga ghorofa. Polisi walipomtoa kijana nje, Joram akapaza sauti, "Mnaona? Serikali imempa walinzi! Anapelekwa Ikulu kula chakula!" Banda zima likasimama. "Omera, ndugu yangu! Huyo ndiye mwanaume!" Makofi yakasikika mpaka barabara ya Busia.

Sasa, nyuma ya ukuta wa mabati wa banda hilo alikaa Selpha, mjane aliyekaanga mgongo wazi, yale mafupa ya samaki aina ya mbuta yanayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa. Alisikia kila neno. Binti yake wa pekee, Lornah, alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi, na karo ilikuwepo ya mwaka mmoja tu, ile aliyoiacha marehemu baba yake. Masomo yalikuwa miaka mitatu.

Jumatano Joram alikuja kula, Selpha akamwinamia. "Mwalimu, ile sinema yako imenifungua macho. Kuna bwana amefungua ofisi ya hisa mjini. Anasema kufikia Januari pesa zitakuwa mara tatu. Ijumaa nampelekea karo yote ya Lornah. Unaonaje?"

Jamani, hapo neno moja tu lingetosha! "Mama Lornah, nilitia chumvi." Basi. Lakini walikuwepo wateja watatu wa banda wakila, wote wamemkodolea macho Mwalimu wao, na kanda ilikuwa imebakiza siku tatu za kuonyeshwa. Aibu ni kitu kizito, ndugu yangu, usiione hivi. Joram akacheka.

"Hisa ni mambo ya watu wenye akili, Mama," akasema, akalipa na kuondoka.

Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Wa Joram uliponza kichwa cha mwenzake.

Alhamisi alijiambia atakwenda kesho. Ijumaa akapiga moyo konde, akatoka hata chai hajanywa. Alikuta meko ya Selpha yamepoa. Ameshapanda gari la kwanza, jirani akamwambia. Joram akamfuata mjini. Ofisi ilikuwa juu ya duka la vitambaa, na alipofika mlangoni Selpha alikuwa akishuka ngazi na risiti mkononi.

"Mama Lornah, rudi uzichukue! Yule wa sinema alikuwa mwizi. Walimfunga pingu. Niliwadanganya."

Selpha alimtazama, akacheka kwa upole kabisa. "Mwalimu, bandani ulisema mbele ya watu mia na hukutetemeka. Leo mbona unatetemeka? Ama umeona nimepata, wivu umekushika?"

Alimsihi mpaka stendi. Selpha hakusikia la mtu.

Kabla ya Krismasi ile ofisi ilikuwa tupu. Walimu kutoka Maseno na wakulima wa Kombewa waligonga mlango hadi mikono ikavimba, na yule bwana hakuonekana tena. Chuo kikafunguliwa Januari, Lornah akabaki mekoni na mama yake. Joram akamrudishia Abeid kipaza sauti, akaanza kubeba mizigo sokoni.

Wiki tatu alikwepa kupita pale kwa Selpha. Siku aliyojitia nguvu akaenda, alikuwa tayari kutukanwa, hata kumwagiwa mafuta ya moto. Selpha akampangusia benchi.

"Kaa, Mwalimu. Watu wanasema wewe ndiye uliyeniponza. Nimewakatalia. Kiingereza ni kigumu, kile kitu hukukielewa mwanzoni. Ulipojua tu, siku hiyo hiyo ulinikimbilia mpaka mjini. Nani mwingine alinikimbilia? Kosa ni langu."

Joram alifungua mdomo. Alitaka kumwambia kwamba alijua tangu asubuhi ile ya kwanza, na kwamba Jumatano alijua, na akacheka. Mtu aliyezungumza mbele ya umati miaka kumi akaishia kulia.

Lornah akamwekea sahani mbele. "Kula, Baba," akasema. "Mama amesema wewe usilipe."