Mume Wangu Alikufa Kabla Rufaa Yake Haijasikizwa, Nami Nikamdanganya Mama Yake

Admin, tafadhali usiweke jina langu wala la kanisa letu, kwa sababu hapa Matiliku watu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nilizaliwa upande wa Kitui nikaolewa huku Makueni, na nina watoto watatu. Mume wangu alifariki miezi mitano iliyopita. Tangu siku hiyo napika, nalisha ng'ombe, naenda kanisani, lakini ni kama ni mtu mwingine anafanya. Sijalia bado.

Alikuwa mtu mpole. Chai ikiwa moto, alipulizia kikombe changu kwanza, halafu chake. Lakini miaka miwili iliyopita aligombana na jirani yetu juu ya njia ya miguu inayopita kwenye michungwa yetu. Jirani alikatwa mkononi kwa panga, na vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Mume wangu alisema jirani aliangukia panga wakisukumana. Korti haikukubali, akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Wakili alikata rufaa, akaachiliwa kwa dhamana asubiri nyumbani.

Kanisa nalo lilimsimamisha. Alikuwa akifundisha watoto Jumapili. Wazee walisema asishike kazi yoyote wala asishiriki meza ya Bwana mpaka rufaa iamuliwe. Alikubali. Siku za meza ya Bwana alikaa kiti cha nyuma, na sinia ilipopita aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Kisha presha ikamwangusha shambani, akafa kabla hatujafika hospitali. Kwa sababu alikuwa bado amesimamishwa, jeneza halikuingia kanisani. Pasta aliomba hapo nyumbani, akamaliza haraka. Baada ya mazishi mama mkwe, ambaye ana miaka themanini na kitu, aliniambia, "Mwana wakwa, mwanangu, maliza hiyo kesi. Mtoto wangu aingie kanisani, hata kama ni jina tu."

Siku ya rufaa nilivaa sare ya kina mama wa kanisa, nikabeba cheti cha kifo. Nilidhani jaji akikiona atasoma makaratasi ya kesi na kusema ukweli, kwa kuwa makaratasi yalikuwepo hata kama mwenyewe hayupo. Nilimpa karani kwa mikono miwili. Jaji aliangalia cheti, akanipa pole, akasema rufaa imekoma kwa sababu aliyeikata amefariki. Hazikupita dakika tano.

Nje nilimuuliza wakili, "Sasa ameshinda ama ameshindwa?"

"Hakuna, mama. Haikusikizwa. Kifungo kimeisha, hakuna mtu mwingine anaweza kukitumikia. Lakini ile hukumu ya kwanza inabaki vile ilivyo."

"Anabaki na hatia?"

"Kwa karatasi, ndiyo. Kama angepigwa faini, rufaa ingeendelea hata bila yeye. Kwa kifungo, sheria inaisimamisha hapo."

"Na kama nisingeleta cheti?"

"Ingejulikana tu, mama. Usijilaumu."

Nilimshukuru, nikatia mkobani nakala ya uamuzi aliyonipa. Lakini bado naona mikono yangu ikikitoa kile cheti.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa anapepeta ndengu. Hata sijaketi, akauliza, "Wamesema nini?"

"Wamesema hana makosa, mwaitu, mama yangu."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Aliweka ungo chini, akacheka mara ya kwanza tangu mazishi. "Nilijua! Huyo wangu hata kuku alikuwa anashindwa kuchinja, ananiita mimi!"

Kufikia Jumapili kanisa lote lilikuwa linajua. Pasta alikuja nyumbani akiwa na furaha. "Mama, tutafanya ibada tumrudishie jina lake mbele ya washirika. Wewe niletee tu karatasi ya korti niisome." Mama mkwe ameshaita jamaa mpaka wa Kilungu.

Juzi jirani alinipata kwa pampu ya maji. Alitua mtungi wake kwa mkono ule mzima. "Mama, mimi nilimsamehe mumeo. Hata matangani nilikuja. Lakini nasikia korti imesema nilidanganya. Ni kweli?"

Nikamwambia nina haraka. Tumejuana miaka ishirini, nikamwambia nina haraka.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ya ule ugomvi nilikuwa sokoni. Sijui ni nini kilitokea kwenye ile njia. Nilimwamini mume wangu, lakini usiku na mchana nilingojea ile rufaa, ili mtu aliyesoma anithibitishie. Sasa hakuna wa kuniambia.

Ibada ni Jumapili hii. Mama mkwe amefua kitambaa chake cheupe cha kichwa na kukianika uani, na kila akipita anakishika aone kama kimekauka. Nikisema ukweli, naogopa nitamzika yeye pia. Nikinyamaza, jirani ataketi pale kanisani akiitwa mwongo mbele ya watoto wake, na pasta bado anangoja karatasi ambayo iko kwa mkoba wangu.

Wenzangu, mnaojua sheria na mnaoishi na wazazi wazee, nipeni mawazo. Najua ni lazima niseme. Nianze na nani: mama, pasta ama jirani? Na nikishafika mbele yake, neno la kwanza liwe gani?