Lipe Ziwa Mgongo

Niliijua njia ya kwenda maporomokoni kabla sijajua kupiga mswaki. Sikuwahi kuipita, nilimezeshwa tu. Kule kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikozaliwa, bibi aliwafundisha watoto wake njia ya kwao jinsi wengine wanavyofundishwa sala, na wao walipozaa akahamia kwa sisi wajukuu. Tulirudi Burundi mimi nikiwa mgongoni, tukapewa nyumba ya bati kando ya barabara ya Rumonge, na darasa likaendelea palepale lilipoishia, jioni, tukichambua maharage.

"Lipe ziwa mgongo. Panda mpaka jasho la kwanza. Vuka kijito mara mbili, si mara moja. Miti mitatu ya mivumu, hapo ni kwetu, usisimame. Mwamba uliokunja mgongo kama mtu anayetaka kupiga chafya. Ukisikia maji usifuate masikio, milima inadanganya masikio. Fuata baridi usoni."

Ukikosea neno unaanza upya. Mimi nilikosea kwa makusudi mara nyingi, nikaweka mbuzi mahali pa mwamba, na fimbo ya bibi inajua mgongo wangu vizuri kuliko daktari yeyote.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda tangu turudi. Anasema ni magoti. Baba anasema ni woga, na tena anasema, bibi akiwa hayupo, kwamba maporomoko yale ni ndoto ya mtu aliyekaa sana kwenye vumbi la kambi. Basi mwaka huu, mwalimu wa jografi alipotangaza kwamba sisi wa mwaka wa tisa tutapanda milimani kuona maporomoko, bibi aliniita pembeni. Macho yake siku hizi yanaona kivuli tu.

"Bwana wangu," akaniambia, maana mimi ndiye mume wake kwa utani, "niletee neno moja. Yanaanguka bado?"

Nataka niseme mapema kwamba hasira ninayo hadi leo, ili mtu asisome akingoja nipoe.

Siku ya safari mwalimu alituhesabu mbele ya soko la samaki wa ndagala, akakiri kwamba njia ya gari anaijua ila ni ndefu. Nani anajua ya mkato? Nikanyoosha mkono. Mwenzangu wa dawati, mtoto wa hapahapa Rumonge ambaye babu zake hawajawahi kukimbia hata mvua, akacheka kwa pua.

"Weye mu-Tanzania utatuonyesha mulima wetu?"

"Nyie mnaukalia tu," nikamjibu. "Kuku pia anakalia yai, muulize kama anajua ndani kuna nini."

Darasa likacheka, mwalimu akanipa uongozi, na kwa saa nzima nilikuwa mfalme. Tulilipa ziwa mgongo. Jasho la kwanza lilitoka kwenye michikichi, tukapita katikati ya makapi ya mawese yanayonuka, na kijito kilikuwepo. Tulikivuka mara mbili kama ilivyosemwa. Mara ya pili niliruka nikapiga kelele kama mjinga, kwa sababu hadi dakika ile, sifichi sasa, nusu yangu ilikuwa upande wa baba.

Halafu njia ikaingia ndani ya ua wa mtu.

Bibi hakuwa amesema habari ya ua. Kulikuwa na nyumba ya matofali, zizi la mbuzi, na mama mmoja aliyekuwa anapepeta maharage. Mvumu ulibaki mmoja, mkubwa, umefungiwa kamba ya kuanikia nguo. Pembeni palikuwa na visiki viwili. Nilivihesabu: mmoja na viwili, mitatu. Nilifurahi mno, na mimi nikifurahi mdomo unatangulia.

"Amahoro mama," nikasema mbele ya darasa zima. "Tumerudi nyumbani. Umetupikia nini?"

Ulikuwa utani. Kwingine kokote duniani ungekuwa utani. Lakini kwenye vilima hivi, ambako waliokimbia wanarudi kudai viwanja vyao, mtu akiingia uani mwako akaangalia mti wa zamani, akahesabu visiki kwa kidole, halafu akasema amerudi nyumbani, hakuna anayecheka. Ungo ulianguka. Yule mama alisimama mbele ya mlango wake na mikono ameitandaza kama anazuia ng'ombe.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama, mimi ni…"

"Baba yako ni nani? Iko na karatasi? Hii nyumba tumeijenga sisi. Watoto wangu wote wamezaliwa humu." Akaita ndani, na vijana wawili wakatoka, mmoja na panga alilokuwa anakatia majani ya mbuzi. Hakulinyanyua. Ila hakuliweka chini.

Mwalimu alikuja mbio toka nyuma. "Mutubabarire, mama, mutusamehe, ni watoto wa shule, tunatafuta maporomoko tu." Akanikamata sikio mbele ya wasichana wote, akaniamuru niombe radhi. Niliomba. Niliomba radhi kwa kusimama kwenye shina la mti ambalo bibi yangu alizaliwa chini yake, na nilipoinama kuokota maharage ya yule mama niliona miguu yake pekupeku bado imeziba mlango, kwa hiyo hata yeye sikuweza kumchukia vizuri. Hasira ikabaki haina pa kukaa.

*Hapo ni kwetu, usisimame.* Miaka yote nilidhani ni ushauri wa kuwahi kufika.

Tulizunguka ua kwa mbali. Mwamba tuliupata juu, umekunja mgongo, unataka kupiga chafya kweli. Hapakuwa na aliyenipongeza. Nilisikia maji, sikufuata masikio, nikageuza uso huku na huku nikitafuta baridi kama mbwa. Hakuna baridi. Joto tupu.

Maporomoko yalikuwepo. Ukuta wa jiwe mrefu kuliko kanisa, mweusi, na mstari mmoja wa kijani mahali maji yalipokuwa yakipita. Juu pamejengwa tangi la saruji, na kutoka hapo linashuka bomba jeusi, nene kama mkono wangu, linaingia kwenye shamba la michikichi lenye seng'enge. Nilichosikia ni kiungio kilichopasuka, kinafanya ssss. Wenzangu walipiga picha mbele ya jiwe kavu. Mwalimu alitusomesha jinsi maporomoko yanavyotokea.

Mwenzangu wa dawati akanisogelea. "Kwa hiyo bibi yako alikuwa anaoga mawe?"

Nilimpiga. Nilipewa siku tatu za kukaa nyumbani, na ningependa kuandika kwamba ninajuta.

Jioni bibi alikuwa anangoja mlangoni, amevaa kitenge cha kanisani.

"Yanaanguka?"

Mimi naongopa kuhusu alama, kuhusu sukari, kuhusu nani alijamba misani. Nilikuwa nimetunga uongo mzuri njia nzima. Ukanikwama.

"Hayaanguki. Yametiwa kwenye bomba."

"Hukufika," akasema.

"Nilifika, bibi. Mvumu ni mmoja. Mwamba upo."

"Ulivuka kijito mara moja. Nakujua. Soma."

Nikasoma, nimesimama, miguu imechanwa na miiba. Lipe ziwa mgongo. Jasho. Kijito mara mbili. Mivumu mitatu. Nilipomaliza baridi usoni nikaongeza kwa sauti: "Halafu bomba jeusi."

Fimbo ikashuka. "Hakuna bomba. Tena."

Nikasoma tena, nikaweka bomba. Fimbo. Tena. Baba alichungulia akarudi ndani. Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutoona giza linaingia, naye alikuwa amekasirika zaidi yangu, na tulikwenda hivyo, mimi naweka, yeye anaondoa, hadi maharage yakaungua jikoni.

Mara ya sita au ya saba nilisema, "Halafu bomba jeusi, nene kama mkono," nikakaza mgongo.

Fimbo haikuja.

"Mkono wa nani?" akauliza.

"Wangu."

Akaunyoosha wake gizani, akanipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akauzungushia vidole juu ya kiwiko, na akabana, taratibu, kuona kama vinafikiana.