Mkwe Aliyerudi Kulima

Kama umekuja na kicheko, kitoe sasa hivi, maana huko mbele hutakipatia nafasi. Jambo hili nililiona kwa macho yangu yote mawili, sina homa, sijaonja pombe ya mtama hata tone, na kulikuwa kunapambazuka. Tena sikuwa peke yangu. Na kabla hujaniita mshamba, ujue wakati huo nilikuwa nimekwisha hitimu shule ya jioni kule mgodini Geita. Nilijua dunia ni duara, na nilijua radi si jogoo wa mganga. Mtu wa namna hiyo hadanganyiki ovyo. Ndiyo maana nilimshuku kila mtu.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilirudi likizo kijijini kwetu, upande wa Samuye, mvua za kwanza za Novemba zimeshaanguka na watu wote wako mashambani wakiinua matuta ya pamba. Nilifikia kwa shangazi yangu, Mama Paskalina. Alikuwa mjane, mwembamba kuliko mpini wa jembe, na macho yake mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, maana kwetu kuni ni haba kuliko dhahabu.

Nikaingia uani. "Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka viatuni. "Umekuja kunizika au kunihamisha?"

Nikadhani utani. Kumbe hapana. Mkwewe Petro, mume wa binti yake Paskalina, alikuwa amekufa kwa homa wakati wa mavuno. Mimi nilikuwa Geita, sikuwahi mazishi. Walimzika kwenye makaburi ya misheni, padri akamwagia kaburi maji ya baraka, mambo yakaisha. Au walidhani yameisha. Mvua zilipoanza, shamba la shangazi likaanza kujilima. Nisikilize vizuri: shangazi alikuwa na kiuno kibovu, hawezi kuinama hata kuokota sindano. Jioni anaacha shamba tambarare, asubuhi anakuta matuta mapya, yamenyooka kama reli ya kwenda Mwanza. Kisha wanawake waliowahi kisimani alfajiri wakamwona mtu ameinama kule shambani, wakautambua mgongo wake. Ulikuwa mgongo wa Petro.

Kijiji kilihitaji nini zaidi? Wakasema ni msukule. Wewe unajua habari za misukule: mtu hafi, anachukuliwa na mchawi, kaburini unazikwa mgomba, mwenyewe anakatwa ulimi asiseme, analishwa pumba bila chumvi, anamlimia bwana wake gizani. Na bwana mwenyewe ni nani, kama si mwenye shamba? Kikongwe, mjane, macho mekundu! Aliyepiga kelele zaidi ni Lusana, kaka wa Petro. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa amempa shangazi mpaka Jumapili awe amehama. Na kila mtu alijua mwanamke wa umri ule akiambiwa ahame, akakosa pa kwenda, vijana humfuata na mapanga. Niamini, sikutia chumvi hapo. Hapo ndipo mahali pekee katika kisa hiki ambapo chumvi haihitajiki.

Nikaanza upelelezi. Niliyemshuku kwanza alikuwa Lusana mwenyewe. Shamba lake linapakana na la shangazi, naye alikuwa na mgongo mpana kama wa marehemu nduguye. Nani angemzuia kuvaa shuka la Petro, kulima alfajiri, halafu kupiga yowe mchana? Lakini jioni ile ile nikaona jambo lililonikata maini. Shangazi alitoka na bakuli, akaangaza huku na huku kama mwizi wa kuku, akaenda kuliweka juu ya kichuguu kirefu ukingoni mwa shamba na kulifunika kwa ungo.

Nikamsubiri arudi, nikanyata mpaka pale, nikafunua. Ugali na mlenda. Nikachovya kidole, nikalamba. Ulikuwa na chumvi.

"Unaonja nini, wewe?" Shangazi alikuwa nyuma yangu. Alirudije bila kusikika, mpaka leo sijui. "Ni njaa hiyo, au upelelezi?"

"Shangazi, chakula hiki ni cha nani?"

"Cha anayelima."

"Nani anayelima?"

"Ningemjua ningemwita nyumbani ale ameketi. Mtu ananilimia shamba zima, nimwache na njaa kwa sababu simjui jina? Wewe huko Geita ndivyo mlivyofundishwa?"

Ungejibu nini? Mimi nilirudisha ungo juu ya bakuli. Lakini nitakwambia ukweli: usiku ule nililala nikiwa nimeegemeza kinu mlangoni, na sikujua namzuia nani, wa nje au wa ndani.

Kesho yake nikamwendea Mwalimu Anselmi, mwalimu wetu wa dini, mzee mfupi mwenye sauti ya kutikisa mabati. Nikamkuta anawafundisha watoto kuwaombea marehemu, kwani Novemba ndio mwezi wao.

"Baada ya kufa pako mahali patatu," akanguruma. "Mbinguni, motoni, na toharani roho zinakotakaswa. Pa nne hapapo! Shambani kwa shangazi yako hapamo katika katekisimu."

"Lakini Mwalimu, watu wamemwona."

Akapunguza sauti, kwake yeye, maana bado hata mbuzi waligeuka. "Mungu akitaka, huiruhusu roho ya toharani ije kuomba sala. Imetokea. Lakini shetani naye huvaa sura ya mtu. Kwa hiyo wewe usimuulize habari nyingi. Mwambie, 'Tumsifu Yesu Kristo.' Roho njema itaitikia, 'Milele na milele, amina.' Shetani hawezi kulitamka hilo, litamuunguza."

"Na msukule?"

"Nimekwambia hapapo pa nne!" Kisha akaangalia mlangoni, akanikabidhi kichupa cha maji ya baraka. "Lakini ukaage mbali kidogo."

Nikaona njia. Kijiji kinasema huyu hana ulimi. Kanisa linasema roho njema itaitikia. Basi akiitikia mbele ya mashahidi, si msukule, na shangazi amepona. Nikaenda kwa mwanangwa, mzee mkavu asiyependa maneno, nikamwomba aje alfajiri ya Jumamosi. Nikataka na Lusana aje, asimame ubavuni pangu, nimguse kwa kiwiko. Kama mlimaji ni yeye, basi siku hiyo shamba halitakuwa na mtu.

Lusana, aliyekuwa pale kwa mwanangwa, akacheka. "Shemeji wa mgodini! Utamsalimia maiti kwa Kilatini?"

"Kwa Kiswahili. Akijibu, utamwomba shangazi yangu radhi."

"Na asipojibu?"

Alikuwa na rungu, na wote watatu tulijua jibu.

Tulifika ukungu ukiwa umelala juu ya mbuga kama maziwa yaliyomwagika. Tulisimama kwenye njia ya shambani. Kwanza hatukuona kitu, tukasikia tu: *kwi, kwi, kwi*, jembe kwenye udongo mbichi. Lusana alikuwa kwenye kiwiko changu cha kushoto, anahema. Mwanangwa kulia. Ukungu ukapasuka kidogo, nikamwona. Shuka jeupe limefungwa kiunoni, mgongo mpana, anavuta udongo kwa mwendo wa mtu asiyejua kuchoka. Nilikuwa nimelima na Petro tangu tukiwa wavulana. Nakuapia, hakuna watu wawili duniani wanaorusha jembe namna ile, la kwanza juu sana, la pili nusu.

Nikasema kwa sauti yote niliyobaki nayo, "Tumsifu Yesu Kristo!"

Jembe likasimama hewani.

Akaanza kugeuka. Polepole, bega kwanza. Nikaona shavu, nikaona kidevu, nikaona mdomo unafunguka. Mdomo ulifunguka, nasema! Na hapo hapo nyuma yetu nikasikia mkongojo ukigonga njia. Shangazi alikuwa amekuja. Alikuwa amekataa wanaume waamue maisha yake huku yeye amejifungia ndani kama kuku wa kutaga.

Yule mtu alimwona. Lo! Alifunga mdomo, akaliachia jembe, akajitupa nje ya tuta kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akaingia majanini, akachuchumaa, akatugeuzia mgongo, na shuka akalivuta likafunika kichwa.

"Mmeona!" Lusana akapiga ukelele. "Hana ulimi! Hakuitikia! Bibi huyu ni mchawi!" Akainua rungu. Shangazi hakukimbia. Angekimbia wapi na kiuno kile?

Mwanangwa akalidaka rungu kwa mkono mmoja. "Lusana," akasema taratibu, "wewe ukikutana na mama mkwe wako njiani, unafanya nini?"

Lusana akalivuta rungu, halikuachika.

"Nakuuliza, ng'wanawane, mwanangu. Unafanya nini?"

Lusana akaangalia majanini. Rungu likashuka lenyewe. Kwetu, mwanamume hatazamani na mama mkwe. Akimwona anaacha njia, anachuchumaa pembeni, anaficha uso mpaka apite. Hata awe na haraka ya kuzima moto, atachuchumaa.

"Msukule ana aibu ya mkwe?" mwanangwa akauliza. "Mtumwa aliyekatwa ulimi na bibi huyu amfichie uso kwa heshima? Na shetani naye anajua adabu zetu?"

Shangazi alikuwa tayari amegeuka, kanga usoni, anatembea kurudi kwake haraka kuliko nilivyopata kumwona. Alipotoweka tukaenda majanini. Nyasi zilikuwa zimelala, lakini umande juu yake haukuguswa. Udongo ulikuwa na nyayo zetu sisi watatu, za wengine hapana. Jembe hatukuliona, ingawa wote tuliona likianguka. Mimi nilimwaga kichupa chote cha maji ya baraka, mengi nadhani yaliangukia viatu vyangu.

Mchana ule Paskalina, mke wa marehemu, akaja mbio kutoka nyumbani kwa Lusana alikokuwa anaishi, akapiga magoti mbele ya mwanangwa, akatoa siri. Alipokuwa anajifungua mtoto wao, uzazi ulikwama, naye Petro alikwenda kanisani akaweka nadhiri mbele ya Bikira Maria: mama na mtoto wakipona, atamlimia mama mkwe shamba lake kila msimu, mpaka yeye au mkwewe afe. Wote wawili wakapona. Petro akasema msimu ujao, kisha akasema tena msimu ujao, kisha homa ikamchukua, deni halijalipwa. Mkwe hawezi kuzungumza na mkwe, kwa hiyo shangazi hakujua. Na Paskalina aliogopa kusema, asije akamvunjia marehemu heshima.

"Ungemwacha mama yako auawe kwa heshima?" nikamuuliza. Alilia tu. Hata leo sijui nimsamehe au nisimsamehe.

Lusana alikuja kuomba radhi. Shangazi akamkaribisha kigoda, akampa maji, hakumjibu neno. Padri, tulipomweleza, alikuna ndevu, akasema Kanisa halinilazimishi kuamini niliyoyaona, wala halinikatazi, na akaandika jina la Petro katika Misa za marehemu. Akaongeza kwamba aliye hai anaweza kumsaidia aliye toharani kwa sala na kwa kazi ya mikono.

Ikawa mimi. Nani mwingine? Shamba lilikuwa limebakiwa na kipande upande wa mbugani, na shangazi alikuwa hali wala halali. "Nimemfukuza mkwe wangu na kazi yake mkononi," alikuwa akisema, tena na tena. Kwa hiyo nikachukua jembe, nikaenda, mchana kweupe, jua linachoma. Nikainua tuta la kwanza. Katika la pili nikasikia nyuma yangu, karibu sana: *kwi*, la juu sana, *kwi*, la nusu.

Ungegeuka? Sema kweli. Mimi sikugeuka. Nililima huku nasali Salamu Maria moja baada ya nyingine, jasho na machozi yanaingia kinywani pamoja, na kila nikiinua yule naye anainua, mpaka mwisho wa shamba. Nilipolipiga lile la mwisho, nyuma yangu kukawa kimya. Nikasema bila kugeuza shingo, "Apumzike kwa amani." Nikajibiwa, "Amina." Huenda ulikuwa upepo. Lakini siku hiyo upepo haukuwepo, na upepo wa kwetu haujui sauti ya Petro.

Shangazi aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwake, katika nyumba yake. Mimi mpaka leo siwezi kulima nikiwa na mtu nyuma yangu, hata awe mke wangu; nitamwomba apite mbele. Na mtu akinisalimu alfajiri kwenye ukungu, humrudishia Tumsifu Yesu Kristo, nami sitembei mpaka aitikie. Waislamu wa Katoro, ninakoishi sasa, wamenizoea, wananijibu kwa kicheko, nami naridhika.

Wewe unayesoma, huenda nawe uliwahi kupiga magoti mahali fulani ukaahidi kitu, mtoto anaumwa, au mgodi umetetemeka. Kitimize ungali na mikono. Kama huwezi, basi mwambie mtu leo hii, awe mkeo, jirani, yeyote mwenye mdomo. Maana alipokwenda Petro, alikwenda na siri yake salama, na aliyekaribia kupigwa rungu kwa nadhiri ile ni mwanamke asiyeiweka.