Ruhusa ya Rabi

Mzee niliyekuwa nikimtunza kule Edgware, London, alikuwa Myahudi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrishia watu. Wazazi wake walikimbia Ujerumani wakaishia Nairobi, naye akalelewa huko hadi ujana, katika nyumba yenye mpishi na mtu wa bustani. Maneno yaliyombakia kichwani yalikuwa lete, peleka, upesi na chai. Siku yangu ya kwanza nimetoka Rayners Lane kwa mabasi mawili, nimelowa chapachapa, koti sijavua, akaniambia, "Lete chai." Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha Mombasa kwamba mimi si boi wa mtu, na akitaka chai aseme naomba. Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akapaliwa. Tangu hapo ikawa naomba kwa kila kitu, hata kwa mambo yasiyohitaji kuombwa, na mimi nikawa mama, ingawa alinipita umri kwa mbali sana.

Kazi ile sikuiparamia tu. Kumwogesha mwanamume asiye maharimu wangu lilikuwa jambo la kuuliza, nami nikaenda kumuuliza shehe wetu pale msikitini. Wanawake wenzangu walishaanza kuguna. Si zama hizi, walisema, habari za vita zimejaa kwenye kila simu, nawe wenda kumpikia supu Myahudi? Shehe hakuguna. Aliuliza kama kuna keya mwanamume, mtunzaji kama mimi, wa kuifanya kazi hiyo, nikamwambia wametafuta wamekosa. Akasema basi ni dharura, na haki ya mgonjwa haiulizwi dini. Nilipewa ruhusa waziwazi, mchana kweupe. Hata hivyo nikavaa glavu, si kwa kuogesha tu, hata kwa kumpa kikombe. Mzee alikuwa akilalamika kwamba hajui kama mimi ni mtu au ni mfuko wa plastiki.

Alikuwa na mtoto mmoja, mwanamke wa makamo, mkali kama pilipili mbuzi. Mzee mwenyewe dini yake ilikuwa ya sikukuu na ya tumbo: alikwenda sinagogi siku kubwa, na nyama hakula isipokuwa ya mchinjaji wao. Binti aliolewa kwa washika dini hasa, akawapita wao wenyewe kwa kushika. Kila jambo lilikuwa rabi amesema. Sufuria hii isiguse maziwa, rabi amesema. Hata dawa ya kikohozi ya baba yake iliulizwa. Simcheki, maana kwetu nako kuna watu wa aina hiyo, na mmoja wao ni dada yangu.

Zamani binti alikuwa akija kwa baba yake Ijumaa kabla jua halijatua, akalala pale mpaka Sabato iishe Jumamosi usiku. Kwa muda wote huo hawashi taa, hapiki, hapandi gari, hagusi simu. Wala hakuwa na ruhusa ya kuniambia mimi nimfanyie. Alichoweza ni kulitaja jambo lilivyo, mimi nikajiongeza. Mara ya kwanza aliponiambia sebule ina giza, nikamwitikia, kweli ina giza, nikaendelea kukunja shuka. Akarudia, kwa sauti ya mtu anayemeza mwiba, kwamba giza limezidi. Nikakubaliana naye tena. Mzee akashindwa kujizuia, akanipigia kelele kwa Kiswahili, mama, naomba washa taa, tutakufa na giza hapa! Binti alimkasirikia baba yake kuliko nilivyotarajia. Kwake yeye lile ombi la wazi ndilo lililoharibu kila kitu.

Baadaye nilizoea. Akisema chumba kina baridi, nilijisikia baridi mimi, nikawasha hita. Nilizaliwa mahali ambapo watu hutukanana kwa maandishi ya kanga, kwa hiyo mafumbo hayakunishinda.

Kisha wakagombana. Kijana wa yule binti alimuoa msichana Mkristo, na mama yake hakwenda harusini. Rabi wao hakumkataza mzee kwenda wala hakumruhusu, kwa sababu mzee hakumuuliza. Alikwenda na kiti chake cha magurudumu, mimi nikisukuma. Huko wakampa maikrofoni. Akasema mbele ya watu wote kwamba alikuwa na binti mmoja, akawaazima marabi, na mpaka leo hawajamrudisha. Watu walicheka mno. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Maneno yale yalimfikia binti kabla hata hatujarudi nyumbani.

Hakumtupa baba yake, hilo lazima niliseme. Dawa zilifika, chakula kilifika, daktari alipigiwa simu. Lakini alikuwa akija katikati ya wiki na koti lake mwilini, anauliza maswali yake, anaondoka. Hakukaa tena kitini. Sabato zikabaki kuwa za mzee na mimi.

Moyo wake ulikuwa umechoka, na walishaamua, yeye na binti na daktari, kwamba hospitali harudi. Siku moja nikimpaka mafuta miguuni aliniambia kwamba katika dini yao, ukimkosea Mungu utamuomba Mungu, lakini ukimkosea mtu, Mungu mwenyewe hana la kufanya mpaka yule mtu akusamehe. Nikamwambia hata kwetu ni hivyo hivyo. Nikamwambia pia kwamba simu ile pale, ampigie. Akatikisa kichwa. Alitaka kumwomba radhi uso kwa uso, kama alivyomdhalilisha mbele ya nyuso za watu. Kila binti alipokuja kati ya wiki mzee alishindwa kuanza, na binti hakukaa muda wa kutosha ili ashindwe mara ya pili.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mvua ile ya London isiyonyesha wala kukatika. Uji aliukataa. Pumzi zake zikaanza kuja na kusita, na mimi nimeshakaa na wengi, naijua pumzi hiyo. Nikampigia nesi wa zamu. Akaniuliza maswali mawili matatu, akasema atakuja, lakini niwaite jamaa sasa hivi. Jamaa nani? Simu ya binti ilikuwa imezimwa kwenye droo mpaka usiku, na yeye alikuwa sinagogi huko Hendon.

Mzee alinisikia. Akasema, "Mama, naomba. Mlete."

Nikashuka kumgongea jirani wa chini, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, aliyekuwa akimletea mzee maua ya madhabahu yake. Hakuuliza neno, alipanda na kandambili zake akaketi kando ya kitanda. Mimi nikaita teksi.

Langoni mwa sinagogi kulikuwa na walinzi wawili, watu wazima wenye vifaa vya kusikilizia masikioni. Fikiria walichokiona: mwanamke mwenye hijabu anashuka kwenye teksi mbiombio, na mkoba mkubwa begani. Mmoja akanyoosha mkono nisimame mbali. Sikuwalaumu, na bado siwalaumu. Msikitini kwetu nako tumeweka gadi tangu mtu alipotuvunjia vioo, na yeye humkagua kila asiyemjua. Lakini siku ile, wallahi, nilichemka. Niliwaambia ni nani ninayemtaka na kwa nini, wakaniuliza nimetumwa na nani. Wakafungua mkoba, wakatoa glavu, tasbihi, mkate wangu, chupi zangu za kubadilisha. Wakanong'onezana na vile vifaa vyao. Nikawaambia mtu anakufa. Mmoja akaniambia nitulie.

Mwishowe rabi wao akatoka, shuka yao ya sala mabegani, mzee wa ndevu fupi. Alinitazama usoni, si kichwani. Kwetu habari ya kifo haitolewi hivi hivi. Unaanza na hali si nzuri, unapitia yuko mikononi mwa Mungu, mpaka mtu ajue mwenyewe. Sikuwa na wakati wa hayo. Nilimwambia mzee anakufa leo na anamtaka mwanawe. Akageuka kumwita yeye mwenyewe.

Binti alipotoka uso ulikuwa umeshapauka. Rabi hakumngoja aulize. "Mgonjwa wa namna hii akimtaka mtu wake, kumpelekea mtu huyo ni tiba," alisema. "Teksi ile pale. Panda."

Mimi nilikuwa tayari nimeshika mlango wa gari. Binti aliitazama ile teksi kwa muda. Akaniuliza kama kuna ambacho daktari anaweza kufanya, nikamwambia hakuna. Akamgeukia rabi, akasema Sabato huvunjwa kwa kuokoa uhai tu, na hapa hakuna uhai wa kuokolewa, hiyo ni huruma tu, si sheria. Rabi akamwambia hiyo ndiyo sheria, na mwenye kuisema ni yeye, na kama kuna dhambi iandikwe kwa jina lake yeye rabi. Akamwambia tena apande.

"Amenicheka maisha yangu yote kwa ajili ya Sabato," binti alisema. "Hawezi kuniona siku yake ya mwisho nikishuka kwenye gari."

Akafunga vifungo vya koti, akaondoka kwa miguu, haraka, karibu anakimbia. Hendon mpaka Edgware, kwenye mvua. Mwamvuli hakuwa nao, maana hata kuufungua mwamvuli siku hiyo hawafungui. Miaka yote ilikuwa rabi amesema, rabi amesema. Siku rabi aliposema neno la kumwokoa, hakulisikia! Nilitaka kumfuata nimvute kwa nguvu. Rabi alibaki ameshika ukuta, akaniambia kwa sauti ndogo niende nikakae na mzee, upesi.

Ndani ya teksi tulimpita njiani. Nilimwambia dereva asimame, nikateremsha kioo, nikamwita. Alitikisa kichwa bila kupunguza mwendo. Nilimtukana kwa Kiswahili nikafunga kioo. Halafu nikaziona glavu zangu juu ya mkoba, na hasira ikanipungua kidogo, kwa sababu na mimi ruhusa nilipewa.

Mzee alikuwa bado yupo. Jirani alinipisha kando ya kitanda, akarudi kwake akilia. Mzee akaniuliza kwa macho kwanza, kisha kwa mdomo.

"Yuko njiani," nikasema.

"Gari?"

Ningeweza kumdanganya. "Kwa miguu, mzee."

Aliguna, au alicheka, sijui. Akasema, mkaidi. Akasema kwa Kiingereza kwamba amemrithi yeye. Kisha akausogeza mkono wake juu ya shuka, nikaushika kwa mkono niliokwisha kuuvika glavu kwa mazoea, akaukwaruza mpira wake kwa kidole. Naomba, akasema. Nikaivua. Mkono wake ulikuwa mwepesi na wa moto kuliko nilivyodhani, na sikuwa nimeujua mpaka siku hiyo. Aligeuza kichwa upande wa mlango akabaki anautazama, na hivyo ndivyo alivyokwenda, anautazama mlango.

Kwetu maiti hufungwa macho papo hapo, na kidevu kikafungwa kitambaa. Lakini binti alishanipa maagizo siku nyingi: yakitokea Sabato, nisiguse kitu, nisimsogeze, mpaka usiku waje watu wao. Kwa hiyo nilikaa kitini nikamsomea moyoni niliyoyajua mimi, na yeye macho wazi. Nesi alikuja, akathibitisha, akaenda zake.

Nilimsikia binti kwenye ngazi. Lifti hakuipanda, ghorofa zote tatu. Aliingia viatu mkononi, soksi zina damu kisiginoni, nywele za bandia anazovaa zimemganda usoni. Alitazama kitanda, kisha mimi.

Alisimama kwanza. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu ile harusi, aliketi, kwenye kiti changu, na koti lake linachuruzika maji. Akaniuliza baba yake alikuwa anataka nini. Nikamwambia alitaka kumwomba msamaha kwa maneno ya kwenye maikrofoni, na kwamba hakutaka kumpa mtu mwingine ampelekee. Nikamwambia nilifika akiwa hai, na kwamba kiti kimoja kwenye teksi kilikuwa kitupu. Hilo la mwisho ningeweza kulimeza. Sikulimeza, nilikuwa na uchungu.

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Akasema, akimtazama baba yake, "Macho yake yako wazi."

Nilijua anachotaka. Mtoto mdogo angejua. Ilikuwa ni taa ile ile, hita ile ile, na mimi ndiye mtu wa kujiongeza. Mikono yangu niliiacha mapajani.

"Ndiyo," nikasema. "Yako wazi."

Aliangalia mikono yangu, akaangalia mlango ambao baba yake alikuwa akiutazama. Midomo yake ikajaribu kitu, ikashindwa, ikajaribu tena. Kiswahili hakukijua yule mwanamke, isipokuwa neno moja, alilolisikia likisemwa katika nyumba ile kutwa kucha.

"Naomba," akasema. "Naomba, mfunge macho baba yangu."

Nikainuka, nikamfunga macho kwa mkono mtupu.