Barua ya Radhi Ambayo Hakuiandika

Ijumaa iliyopita, nimetoka tu msikitini na kurudi nyumbani kwangu Malaz, hapa Riyadh, simu iliita. Namba ilikuwa ya mama mmoja wa Kikenya aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba moja mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Kwa miaka kadhaa alinipigia kila Ijumaa, siku ambayo madam alimwachia simu yake kutwa nzima. Nikaitikia kwa utani, "Haya, leo Wakorea wamefanya nini tena?" Nikasikia sauti ya msichana, "Mjomba, si yeye. Ni mimi. Dada alikufa Jumanne." Huyo alikuwa binti wa nyumba, ana miaka kumi na sita, na Kiswahili chake amekiokota jikoni kwa yaya wake tangu ana miaka tisa. Presha ilimpanda marehemu akiwa anapiga pasi, wakamkimbiza hospitali, hakurudi. "Baba anatafuta watu wake," msichana akaendelea. "Kwenye karatasi kuna kaka yake tu, na simu yake haishiki. Wewe ni mjomba wake. Kwao yuko nani?"

Nilikaa kitandani nikiwa bado na viatu. Msomaji wangu, mimi si mjomba wa mtu yule. Mimi ni mfamasia kutoka Tanzania, naye alikuwa Mbukusu wa Bungoma, magharibi mwa Kenya. Swali la msichana nilikuwa na jibu lake, lakini nilikuwa nimeapa nisilitoe.

Tulijuana Balad, Jeddah ya zamani, nilikopelekwa na kazi kwa wiki moja. Alikuwa amesimama kwenye kibanda cha picha na vikorokoro vya waimbaji wa Kikorea, na huyu msichana, wakati huo mdogo, alikuwa anachagua kwa makini ya sonara. Yule mama alinisikia nikiongea na simu, akanisogelea. "Kaka, wewe ni wa kwetu. Nisaidie simu dakika tano tu, yangu iko kwa madam." Nikampa. Akageukia ukuta, akaongea kwa sauti ya chini, na nilisikia mtoto upande wa pili akilia na kumwita mama. Alipomaliza alinirudishia simu akiwa amefuta macho. "Ukiulizwa, wewe ni mjomba wangu," akaniambia. "Na hujasikia kitu. Huku mimi sina mtoto." Nikamwapia kwamba sitasema.

Wakala aliyemtafutia kazi ndiye aliyemfundisha hivyo. Alimwambia waajiri wanataka mtu ambaye moyo wake hauko kwingine, basi kwenye fomu akajaza kwamba hana mume wala mtoto. Uongo huo ulianza kama wino kwenye karatasi, ukaishia kuingia kinywani mwa mtoto. Maana binti wa nyumba alipojua Kiswahili, neno "mama" likawa hatari kwenye simu. Ikabidi mtoto wa Bungoma, anayelelewa na bibi yake, afundishwe kumwita mama yake mzazi "dada". Nilipoambiwa hilo sikupata usingizi mzuri, na nakiri kwamba sikufanya chochote.

Na hawa Wakorea wanaingiaje? Wanaingia kwa sababu mama huyu alikuwa mhakiki wao mkali kuliko mtu yeyote niliyepata kumsoma. Alilazimika kutazama video zao akiwa anamsuka msichana, kisha akadai atafsiriwe maneno na habari zao. Mimi niliwahi kuitumia safu hii ya gazeti kuwacheka vijana wetu wanaopaka nywele rangi ya waridi wakiiga waimbaji hao. Ijumaa yake alinipigia. "Mwandishi, umeandika nywele tu. Mbona hukuandika usingizi?" Akanipa somo. Ati wale watoto husaini mikataba wangali wadogo, wanalala bwenini saa chache tu, wanapimwa uzito, simu zao zinashikwa na kampuni, na ole wake atakayeonekana na mpenzi. "Si hata hao wana kafili!" akacheka. Kafili, kwa msiomjua, ni mwajiri ambaye karatasi zako zote za ukaaji ziko chini ya jina lake. Nilicheka naye. Aliniomba niandike tena, niandike vizuri. Nikasema inshallah, na ninyi mnajua inshallah ya mtu mvivu.

Mara ya mwisho tulionana hapa Riyadh, familia ilipomleta msichana kwenye tamasha. Mayaya walibaki nje na mikoba na maji, nami nikampelekea sambusa. Ndipo aliponisimulia kisa cha barua. Mwimbaji mmoja, kipenzi cha binti wa nyumba, alipigwa picha akiwa ameshikana mkono na kijana. Mashabiki wakawaka, kampuni ikamkalisha chini, akaandika barua kwa mkono wake kuwaomba radhi kwa sababu anapenda mtu. Msichana akakata picha zake zote kwa mkasi huku analia, "Ametudanganya!" Yaya akafagia. "Nilifagia zile picha kipande kwa kipande," aliniambia. "Nikajiuliza, siku huyu mtoto akijua yangu, mimi nitaandika barua gani?"

Sina ugomvi na ngoma zao, zinachezeka. Ugomvi wangu ni na biashara inayouza tabasamu kwa sharti kwamba mwenye tabasamu asiwe na kwao. Na kabla hatujawanyooshea kidole Wakorea, tujitazame. Nyumba ngapi za Dar na Nairobi zinamtaka binti wa kazi asiye na "mambo mengi"? Tunataka atulelee watoto kwa mapenzi yote, halafu tunakasirika akiwa na watoto wake mwenyewe wa kuwapenda. Najua wapo watakaosema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ni ya kweli, ila huyu hakuficha kwa hiari.

Turudi kwenye simu. Msichana alikuwa anasubiri, nami nilikuwa nawaza kiapo changu. Kisha nikawaza kwamba ilikuwa Ijumaa, na Bungoma kuna mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa anasubiri kupigiwa. Nikikaa kimya, mwili utapelekwa kwa kaka asiyepatikana, na mtoto atasubiri Ijumaa nyingine na nyingine.

"Ana binti," nikasema.

Nilijiandaa kusikia neno lile la siku ya mkasi, "Ametudanganya!" Msichana alilia kwa muda mrefu. "Mimi alikuwa ananiita binti yangu," akasema. "Mbona hakuniambia? Ningempa simu kila siku. Wallahi kila siku." Sijui kama angempa, na nadhani hata yeye hajui. Lakini alichukua namba ya Bungoma, iliyokuwa ingali kwenye simu yangu tangu Balad, akampelekea baba yake. Baba yake alisema jina la mtoto litaandikwa kwenye karatasi za kusafirisha maiti.

Kumweleza mtoto niliachiwa mimi. Bibi yake alikaa naye nilipokuwa nikiongea. Hakupiga kelele. Aliuliza kama mama aliumia, nikamwambia haikuchukua muda. Aliuliza maiti itafika lini, nikamwambia bado hatujui. Nilikuwa natafuta maneno ya kuagana aliposema, "Uncle, sasa huko wanajua niko?"

"Wanajua," nikamjibu.

"Kwa hivyo akifika naweza kumwita Mama?"

Nimekaa chumba hiki cha Malaz miaka mingi, na sijapata kuwa mpweke kama jioni ile. Safu aliyoniomba nimeiandika leo, imechelewa na hataisoma. Wewe unayeisoma, ikiwa kuna mtu anayekupikia, anayekufulia au anayekuimbia, muulize kwao kuna nani. Muulize akiwa hai, na akikujibu, usimkasirikie.