Pongezi za Jumamosi

Mimi nasema wazi: Gisela hana haya. Enzi za ukuta alipanga foleni mpakani tangu alfajiri, akapekuliwa mpaka soli za viatu, ili tu atoke magharibi aje upande wetu wa mashariki wa Berlin anywe kahawa na dada yake, na sheria ilitaka usiku wa manane usimkute huku. Ukuta ukavunjwa, tukalia barabarani kama watoto. Leo kuja kwetu ni treni moja tu, na Gisela haonekani.

Dada yake ni jirani yangu wa chini, Bi Irmtraud, mshonaji mstaafu wa kiwandani, ulimi wembe. Marehemu mama yao aliwazaa wote wawili katika nyumba ile ile anayokaa Bi Irmtraud mpaka sasa. Jengo limeuzwa, linakarabatiwa, na sisi wapangaji wa zamani tunaondolewa mmoja mmoja. Yeye anatoka mwisho wa mwezi. Alitaka kitu kimoja tu: Jumapili, siku yake ya kuzaliwa, Gisela aje wakae jikoni kwa mama yao kwa mara ya mwisho.

"Akichelewa, keki naimaliza mimi," nilimtania Jumamosi, akimenya matufaha.

"Thubutu! Kwa tumbo hilo? Sakafu yako itabomoka uniangukie!"

Tukacheka. Simu ikalia, akaiweka spika kwa kuwa mikono ilikuwa imelowa maji ya matufaha.

"Dada! Hongera kwa siku yako ya kuzaliwa!"

Kisu kikamponyoka. Kwetu mtu hapongezwi kabla ya siku yenyewe. Ni kumwitia mkosi. Gisela alifunzwa hayo na mama yule yule.

"Siku yangu ni kesho, mdogo wangu. Utanipongeza ukifika."

"Kesho nina wageni, dada. Nitakuja siku nyingine. Kwani njia si iko wazi siku zote?"

Bi Irmtraud akakata simu. Keki akaioka hivyo hivyo.

Jumapili nilimkuta mezani, vikombe viwili mbele yake, kahawa imepoa. Roho iliniuma, nikamporomoshea Gisela matusi yote ninayoyajua.

"Basi, jirani," akasema. "Zamani asipokuja niliwalaani askari. Sasa nimlaani nani?"

Akanikatia keki, akanisogezea kikombe cha Gisela.